Kivuli cha Mheshimiwa

Kwenye bustani ile ya wanyama kifaru mzee aliitwa Mheshimiwa, na jina lilimkaa. Alitoka bandani saa aliyotaka mwenyewe. Wageni waliotoka mbali kuja kumwona aliwageuzia makalio, na ukimwambia jambo alikupulizia pumzi ya pua moja tu, kisha akaendelea na yake. Macho yake yote mawili yalikuwa yamekufa, yamefunikwa na utando mweupe, lakini ungemtazama anavyotembea mle ndani usingejua. Alijua birika liko wapi, alijua lango, alijua ukuta unaanzia wapi na unaishia wapi, na zaidi ya vyote aliujua mkuyu. Jua likianza kuuma alishika njia yake ileile, pua chini, mpaka bega liguse mawe yaliyozunguka shina. Hapo alisimama, akashusha pumzi, akalala.

Mkuyu ulikuwa wa Bibi Shamba. Hakuupanda yeye, maana ulikuwepo kabla ya uzio wa kwanza kujengwa, ila miti yote ya bustani ilikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyechagua mti gani uende kwa mnyama gani, na yeye ndiye aliyehakikisha kwamba mnyama hamalizi mti kabla mti haujamfaa mnyama. Anayedhani ni kazi nyepesi na ajaribu. Nyani huvunja tawi changa kwa sababu tu amechoka kukaa bure. Twiga huanza kula kileleni, na tembo tusimzungumzie. Mti wenye majani ya sumu haufai, na wenye mbegu za kumkaba mnyama koo haufai. Mti unaopukutisha majani yote kiangazi, wakati kivuli ndipo kinapotafutwa, huo ni matusi. Ukishaupata mmoja unaofaa unauzungushia mawe makubwa, waya na magogo, kisha unaomba Mungu.

Mtunza kifaru alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza kwao, na ndiye aliyemwombea kazi hapo miaka mingi nyuma. Walikuwa watu wa kutaniana mbele za watu.

"Wewe unapenda miti kwa sababu haikujibu," kaka alimwambia.

"Na wewe unampenda huyo kwa sababu hakuoni hiyo sura."

Wenzao walicheka kila mara kana kwamba wanausikia utani huo kwa mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu kazini ambaye kaka alimwamini kama mdogo wake huyo. Meneja akimwambia kitu alikibishia kwanza, hata kama baadaye atakifanya. Bibi Shamba akisema, kaka alichukua koleo.

Zamani kidogo, Mheshimiwa alipokuwa bado anaona kwa jicho moja, alianza kubandua gome la mkuyu. Alipachika pembe chini ya gome, akavuta, akatafuna alichokipata. Mti ukibanduliwa gome mzunguko mzima umekwisha, na Bibi Shamba alikosa usingizi. Aliongeza mawe, kifaru akayasukuma. Aliongeza waya, kifaru akaufanya wa kujikunia. Mwishowe akafikiri vizuri: mnyama anayetafuna gome kuna kitu anakikosa mwilini. Akaagiza jiwe la chumvi, lile wanalolamba ng'ombe, akaliweka juu ya mawe karibu kabisa na shina, kivulini, ili mzee wa watu asilazimike kulamba akiwa juani. Wiki ileile Mheshimiwa akaliacha gome. Tangu hapo jiwe likiisha liliwekwa jingine. Meneja aliwaleta watu wa bustani nyingine waje kujionea, na Bibi Shamba akavimba kichwa, tena kwa haki.

Baadaye Mheshimiwa alipofuka kabisa, na siku moja akakwama kwenye dimbwi lake la tope hadi wakamtoa kwa trekta. Dimbwi likafukiwa. Kifaru asiye na tope ngozi humpasuka, kwa hiyo kaka akaanza kumwagia maji kwa mpira kila mchana, palepale alipolala chini ya mkuyu. Mheshimiwa alipenda maji hayo kuliko chakula. Akisikia bomba linafunguliwa tu, masikio yanasimama.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na kama hadithi ingeweza kuishia hapa ningeiacha iishie.

Mwaka ule majani ya mkuyu yalitoka madogo. Bibi Shamba aliona, akasema ni ukame. Kisha yakaanza kukauka pembeni, yakawa na kingo za kahawia kama karatasi iliyopita karibu na moto, na tawi la upande wa lango likabaki tupu. Akatafuta mchwa, akawapata wachache, akawatilia dawa. Akapogoa matawi makavu na kuweka samadi. Alipoona haisaidii alimwendea kaka yake.

"Kaka, mti una kiu. Ukimaliza kummwagia yeye, usifunge bomba. Uache mpira pale chini uendelee."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka udongo ushibe."

Kaka aliacha mpira ukitiririka kila siku, na mti ukazidi kufa. Walizidi kuunywesha na wenyewe ukazidi kutupa majani, mpaka kiangazi kilipokolea ukabaki mifupa mitupu juu ya kichwa cha kifaru.

Hapo ndipo ilipoonekana mnyama yule alivyokuwa ameutegemea. Mheshimiwa aliendelea kwenda mtini kama kawaida yake, akagusa mawe kwa bega, akalala, na jua likamkuta palepale. Akainuka. Zamani kivuli kilipohama naye alihama nacho, akilizunguka shina pole pole kutwa nzima, na sasa bila shaka alidhani kimehama tu. Basi akaanza kukitafuta. Alizunguka shina asubuhi, akazunguka mchana, mpaka ardhi ikafanya njia ya mviringo, na kivuli hakikuwa upande wowote. Ngozi ya mgongo ikapasuka. Nyuma ya masikio vikatoka vidonda, na nzi hawakuhitaji kualikwa. Daktari wa wanyama alimpaka dawa kwa brashi ya rangi ndefu, akitikisa kichwa.

Si kwamba watu walikaa tu. Meneja alileta mwavuli mkubwa wa hotelini, wenye tangazo la soda, akausimika mwenyewe kwa mikono yake. Mheshimiwa alipita katikati yake bila kujua, akatembea nao shingoni nusu siku, na wageni walipiga picha mpaka wakachoka. Wakafunga neti ya kivuli juu ya nguzo. Upepo ulipoipigapiga, kifaru akadhani anavamiwa, akaishambulia nguzo na kujichana mdomo. Wakamfungia bandani mchana, lakini banda la zege saa nane ni tanuri, naye aligonga lango kwa kichwa hadi kaka akasema afadhali afie nje. Upande wa magharibi, nje ya uzio, Bibi Shamba alipanda miche ya mikuyu ambayo ingekuja kumwaga kivuli kizuri sana cha alasiri, bila mnyama kuifikia. Miche yenyewe ilimfika magotini.

Meneja akawaita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo hata miwani aliivua akaiweka mezani asiwaone vizuri.

"Hakuna bustani itakayomchukua," alisema. "Na hata wangemtaka, safari itamuua. Tumekubaliana na daktari tungoje mvua. Mti ukichipua, sawa. Usipochipua, hatuwezi kumwacha mnyama aungue akiwa hai."

"Utachipua," kaka alisema, akamgeukia mdogo wake. "Si ulisema utachipua?"

"Nilisema unaweza."

"Basi."

Kwake ilitosha. Alitoka ofisini akatembea kama mtu aliyepewa ahadi, na Bibi Shamba akamfuata nyuma akijiuliza kama hata hilo "unaweza" lilikuwa kweli.

Kesho yake alikwenda kuchimba aone mizizi. Mheshimiwa alikuwa amefungiwa bandani kwa muda, analalamika. Mawe yale yalikuwa yamepakwa chokaa, kwa sababu meneja alipenda mahali pakae nadhifu mbele ya wageni, na udongo uliokuwa katikati ya mawe ulikuwa mweupe vilevile. Bibi Shamba alikuwa ameuona weupe ule kila siku akapita, akidhani ni chokaa imemwagika. Leo alipiga jembe, na weupe ukavunjika vipande vipande kama ukoko wa chungu. Chokaa haifanyi hivyo. Alichimba, akakuta weupe mwingine chini ya ule, umekaa kwenye udongo uliokanyagwa na kifaru miaka na miaka hadi ukawa mgumu kama sakafu, maji hayana pa kwenda. Mizizi midogo ilikuwa imekauka ndani ya udongo mbichi. Alichukua kidogo kwa kidole, akalamba.

Alikaa chini. Juu ya mawe, karibu kabisa na shina, jiwe la chumvi lilikuwa mahali pake, limelambwa na ulimi upande mmoja na kuliwa na maji upande mwingine. Aliutazama huo upande wa maji. Kisha akautazama mpira uliolala pale chini, unaotiririka bado, kama alivyoagiza.

Akafunga bomba. Akalipakia jiwe kwenye toroli, akaenda kulitupa mbali, nyuma ya karakana, na njia nzima alikuwa akisema peke yake kama kichaa: si ningelining'iniza ukutani, si ningeliweka langoni, kulikuwa na pembe ngapi za kuweka jiwe katika uwanja ule mzima. Aliyejua habari za miti hapo bustanini ni yeye. Hata mtoto anajua chumvi inafanya nini kwa mmea.

Alimwendea kaka yake nyumbani Jumapili mchana. Kaka alikuwa amekaa mlangoni anashona soli ya buti la kazini, na wifi yake alikuwa ndani kidogo, anachambua mchele kwenye ungo.

"Karibu, Bibi Shamba," alisema wifi. "Leo umetukumbuka."

Bibi Shamba alibaki amesimama.

"Kaka, nimejua kilichoua mti."

"Mchwa?"

"Chumvi."

Kaka alivuta uzi kwanza. "Chumvi gani?"

"Yangu. Lile jiwe. Kila ukimmwagia Mheshimiwa maji lilikuwa linayeyuka, linashuka kwenye mizizi. Miaka yote hii. Na nilipokwambia uache bomba wazi, ndiyo tukaumalizia."

Kaka aliweka buti chini. "Kwa hiyo ni maji yangu."

"Ni chumvi yangu, Kaka. Sikusema maji yako."

"Umesema kila nikimmwagia."

"Nimesema..."

"Nimesikia ulichosema."

Wifi aliacha mchele. "Jamani, si mlikuwa mnataka kumsaidia nyote wawili? Nani atawalaumu kwa hilo?"

Lilikuwa swali jema, ila halikuwa na kazi pale. Kaka aliendelea kumtazama mdogo wake.

"Inatoka? Hiyo chumvi, inaweza kutoka?"

"Kwa kuchimba udongo wote na kuusafisha na kungoja. Kama mti ungekuwa hai."

"Uliniambia unaweza kuchipua."

"Nilikuwa sijaonja udongo."

Kaka alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilimuumiza Bibi Shamba kuliko kama angefokewa.

"Mimi watu wote nawauliza. Meneja nambishia, daktari nambishia, hata huyu mke wangu akiniambia kunanyesha natoka nje kuhakikisha. Wewe ukaniambia ongeza maji, nikaongeza. Ukaniambia uache mpira, nikauacha. Sikukuuliza hata siku moja kwa nini."

"Nisamehe, Kaka."

"Sikukuuliza hata siku moja," alirudia, akainuka, akaingia ndani na buti moja mkononi. Mlango wa chumbani hakuubamiza, aliurudisha tu. Wifi alileta chai, wakakaa wawili wakiitazama ikipoa.

Tangu siku hiyo kaka hakumsemesha. Kazini alipitisha maneno kwa watu, hata yeye akiwa amesimama palepale. "Mwambieni Bibi Shamba apishe toroli." Wenzao mwanzoni walidhani ni utani mpya wa wawili hao, wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Bibi Shamba alipisha toroli. Alitamani kaka amtukane, ampige hata, mbele za watu, wamalize. Alimpenda kaka yake, na sasa alikuwa anaujua urefu wa siku nzima ambayo mtu wako anakupita kama nguzo.

Mheshimiwa naye, alipokosa jiwe lake, alirudia gome. Alilibandua shina lote, mzunguko mzima, akitafuna vipande vikavu. Hakuna aliyemzuia.

Mvua ikaja, tena mapema, tena ya nguvu. Bustani nzima ikachipua. Nyasi zilitoka hadi kwenye nyufa za njia ya wageni, na nguzo moja ya uzio, ya mti uliokatwa zamani, ikatoa majani mawili kwa ukorofi tu. Bibi Shamba alikwenda chini ya mkuyu kila asubuhi akainua uso. Mara moja aliona kitu cha kijani kwenye tawi la juu, akapanda ngazi. Ulikuwa mmea mwingine, kijikamba cha kutambaa, kimepata mahali pa kushikilia. Mvua ikakatika baada ya muda mfupi, jua likarudi kali kuliko lilivyoondoka. Vidonda vya mgongoni vilivyokuwa vimeanza kufunga vikafunguka.

Daktari alichagua asubuhi, kabla ya lango la wageni kufunguliwa, joto likiwa bado dogo. Hata hivyo mwezi ule hapakuwa na joto dogo. Jua lilikuwa tayari limepanda juu ya ukuta, linapiga kwa ubavu. Hawakuhitaji kumshika wala kumvuta Mheshimiwa. Alitoka bandani, akashika njia yake, pua chini, bega likagusa mawe. Alizunguka shina mara moja akikitafuta kivuli, kisha magoti yakamchoka akalala.

Daktari alimchoma sindano ya kwanza, ya usingizi. Akasema ile ya pili lazima ingoje hadi hii ikolee, na mnyama mkubwa namna hii huchukua muda wake. Kwa hiyo wote wakangoja. Kifaru alikuwa amelala kifudifudi, kidevu mchangani, na jua lilikuwa juu ya mgongo wake wote, juu ya vidonda, juu ya masikio yaliyokuwa yanapigapiga nzi.

Kaka alizunguka akasimama upande wa jua, karibu na kichwa. Mwanzoni hakuna aliyeelewa anafanya nini. Kisha meneja akaona kivuli cha mwili wake kilivyoanguka kwenye jicho la kifaru, naye akaenda akasimama kando yake, na suti yake. Msaidizi wa daktari akafuata. Watunza wengine wawili waliokuja kumuaga wakasogea, bega kwa bega, na kivuli chao wote kikafunika kichwa na sehemu ya shingo. Mgongo haukufikiwa.

Bibi Shamba alikuwa amebaki langoni. Alijiona hana haki ya kusogea. Alikuwa ameapa hatalia pale na alikuwa analia.

"Bibi Shamba," kaka aliita. Hakugeuka. "Njoo usimame hapa. Jua linampata kwenye sikio."

Akaenda. Kaka alimshika kiwiko, akamsogeza kushoto kidogo, akaangalia chini, akamsogeza tena, mpaka kivuli chake kikalala juu ya sikio lenye kidonda. Sikio likaacha kupigapiga. Kaka akauachia mkono.

"Kaka," alisema.

"Usitikisike."

Hakutikisika. Alisimama vile daktari alipochoma sindano ya pili, na alipopiga magoti kusikiliza, na alipoinuka. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka jua lilichukua nafasi yake. Kaka naye akaondoka, akaenda kukunja mpira wa maji. Bibi Shamba alibaki amesimama palepale, mpaka daktari akamwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kusogea.